Sahihi ya Wino wa Kijani

Mume wangu hajawahi kukariri mstari hata mmoja maishani mwake. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kila kilichotokea kilitokana nalo, na wale wanaonilaumu mimi wangeanza kwanza kumlaumu yeye.

Yeye ni mwigizaji. Mimi ni mnong'onezaji. Mbele ya jukwaa letu kuna kishimo cha mraba kilichokingwa kwa ubao upande wa watazamaji, na ndani yake kuna kigoda, tochi na mimi. Nakaa humo na daftari la mchezo mapajani, uso nimeuelekeza kwa waigizaji, kisogo kwa watu. Mwigizaji akisahau, namnong'oneza. Wenzake husahau neno moja moja, mara mbili tatu kwa jioni. Mume wangu husahau yote. Namnong'oneza sentensi, anaisema. Namnong'oneza nyingine, anaisema. Amefanya hivyo kwa miaka mingi sana, na watu huko nyuma ya kisogo changu humsifu kwamba anajua kunyamaza kabla ya kusema, kama mtu mzito anayepima maneno. Hapimi kitu. Ananisubiri mimi.

Hata kuolewa niliolewa hivyo hivyo. Tulikuwa kwenye mazoezi, mimi msichana niliyeajiriwa kunong'ona, yeye kijana mwenye sauti nzuri na kichwa kitupu, na nilikuwa nimechoka kumpenda peke yangu. Daftari lilisema, "Nitakununulia ng'ombe." Mimi nikanong'ona, "Nitakuoa wewe uliye kishimoni." Akasema vile vile, kwa sauti kubwa, mbele ya kundi zima. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akafikiri kidogo, akainama mpaka kwangu, akasema kwamba akishatamka jambo mbele za watu harudi nyuma. Mwezi uliofuata tukaoana. Watoto wetu wawili sasa ni watu wazima wenye nyumba zao mbali, na tangu siku ile sikuwahi tena kumtia mdomoni neno lisilokuwamo kwenye daftari. Niliapa. Ila kuna siku nikiosha vyombo hujiuliza kama angelisema mwenyewe.

Kundi letu linaongozwa na Mwalimu, ambaye kweli alikuwa mwalimu, wa hesabu, na mpaka leo hutuambia tukae sawa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunatoa michezo minne mifupi ya kuikejeli siasa, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la magodoro. Wa kwanza, Meya anazindua bomba lisilo na maji. Wa pili, kamati inakutana kuchagua kamati ya kuchunguza kwa nini kuna kamati nyingi. Wa tatu, Meya analitembelea shimo la barabarani na kuliambia pole. Wa nne, Meya yumo ofisini anatia sahihi. Meya wa jukwaani siku zote ni mume wangu, kwa sababu ana tumbo na ndiye pekee anayeenea kwenye koti la kijivu la kundi. Kifuani tumembandika beji iliyokatwa kwenye mfuniko wa kopo la maziwa.

Meya mwenyewe, yule wa kweli, hakuna aliyekuwa akimwona. Alichaguliwa, akaapishwa, akaingia ofisini, akafunga mlango. Picha yake iliyotundikwa kila ofisi ilipigwa zamani sana, na jua lilikuwa limeufuta uso likabakisha tai. Miaka miwili ilikuwa imepita hivyo. Ndiyo maana watu walikuja kumtazama wa kwetu.

Mambo yalianza kuharibika siku mama mmoja mshonaji alipomfuata mume wangu nyuma ya jukwaa, mchezo umeisha sasa hivi na koti hajalivua. Alisema taa ya mtaani kwao haijawaka mwaka mzima, na jua likizama yeye huweka sindano chini hata kama nguo ya mtu haijaisha. Alikuwa na barua mkononi. Mume wangu bado alikuwa anacheka na jasho linamtoka. Akaichukua barua, akatoa kalamu ya mchezo, yenye wino wa kijani kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwamo kwenye sanduku la vifaa, akaandika juu yake "Ishughulikiwe" na kutia ile sahihi yake ya jukwaani inayofanana na nyoka aliyekanyagwa. Ulikuwa utani. Yule mama hakujua ni utani, au alijua akaamua kujifanya hamnazo. Jumatatu akaipeleka barua kwenye ofisi za baraza la mji. Alhamisi taa ikawaka.

Mwezi uliofuata walikuja watu kumi na wawili na barua. Na mwezi wa tatu akaja Karani wa Baraza mwenyewe, mtu mwembamba, viatu vimechongoka mbele, mkoba mweusi kwapani. Mwalimu alipomwona aliketi kwenye ngazi ya jukwaa. Karani akafungua mkoba. Sote tulitarajia pingu. Akatoa faili nene, muhuri na pedi ya wino.

"Mheshimiwa yuko wapi?" akauliza.

"Mheshimiwa yupi?" Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Huyu anayetia sahihi."

Mume wangu akajitokeza kwenye pazia, beji ya kopo kifuani. Nikatoka kishimoni mbio mbio.

"Bwana Karani," nikasema, "huyu ni mume wangu, ni mwigizaji tu. Yale yalikuwa mzaha."

"Najua, mama," akanijibu kwa upole. "Nimeutazama mchezo. Ule wa shimo umenichekesha sana. Lakini kanuni ya baraza inasema barua ikiwa na neno 'Ishughulikiwe' kwa wino wa kijani na sahihi isiyosomeka, ishughulikiwe. Mimi naangalia maandishi, siangalii sura. Kule juu hakijatiwa sahihi kitu kwa miaka miwili. Hizi hapa ni mia mbili, ndizo nilizoweza kubeba."

Akaziweka mezani. Mume wangu akanitazama, akasubiri. Ningeweza kumnong'oneza, "Rudi nazo, bwana." Lakini hayo hayakuwamo kwenye daftari, na kiapo ni kiapo, basi nikanyamaza. Akaichukua kalamu. Kosa langu, kama lipo, ni kile kimya.

Tangu hapo mchezo wa nne ukawa si mchezo tena, ingawa tuliendelea kuuita hivyo. Watu walipanda jukwaani na barua zao za kweli, mume wangu akazitia sahihi, Karani amekaa pembeni yake anagonga muhuri. Watazamaji walimpenda Karani kuliko waigizaji wote. Walisema hawajaona mtu anayeiga uzito wa serikali kwa ustadi namna ile, jinsi anavyoinua muhuri, anavyoutazama, anavyoupulizia pumzi ya mdomo kabla ya kuugonga. Karani hakuwa anaiga kitu. Ndiyo kasi yake. Shimo la barabarani likazibwa, ikabidi mchezo wa tatu uandikwe upya. Bomba likatoa maji, wa kwanza nao ukafa. Mwalimu akaanza kunung'unika kwamba mji ukiendelea kutengenezwa hivi tutakosa cha kukejeli.

Mimi nilikuwa naona jambo lingine. Aliye kishimoni huona viatu kwanza. Viatu vya mume wangu, ambavyo miaka yote vilikuwa na vumbi na kamba moja fupi kuliko mwenzake, vilianza kung'aa. Kisha akaacha kuvua koti tukifika nyumbani. Kisha akaanza kuniita "ndugu mwananchi."

"Baba watoto, paa la jikoni linavuja," nikamwambia asubuhi moja.

"Ndugu mwananchi, kilio chako kimesikika."

"Sijalia. Nimesema panda ngazi."

"Tutaunda timu."

Na halafu kukawa na chai. Mume wangu huyu ni mtu wa vijiko vitatu vya sukari, na zamani ukimtilia viwili na nusu alikuwa akinuna mpaka mchana. Siku moja nilisahau kutia sukari kabisa. Akainywa yote, akafuta midomo, akasema, "Tumeipokea, tunashukuru." Nilishtuka kuliko siku aliyoanguka kutoka jukwaani akavunjika mkono. Kesho yake nikaacha kutia sukari kwa makusudi. Tumeipokea. Keshokutwa tena. Nikaendelea hivyo miezi mitano, kila asubuhi nikingoja anigombeze, na kila asubuhi alishukuru. Nilitamani ugomvi kama mtu anavyotamani maji. Mume wangu alikuwa hai, mzima, anakoroma pembeni yangu, nami nilikuwa mjane.

Nilikwenda kumlilia wifi yangu, dada yake, anayekaa nyumba ya pili. Nilijisumbua bure. Kichwa kilikuwa kimemvimba yeye kabla hata ya kaka yake. Alikuwa haendi kwenye shughuli ya mtu asipowekewa kiti cha mbele, na kwenye foleni ya mkate alikuwa akipenya huku akisema, "Mnipishe, mimi ni wa familia."

"Wifi, ndugu yako anaumwa," nikamwambia.

Akanitolea macho. "Anaumwa nini? Huo ni wivu. Mwanamume kapanda cheo, wewe unataka ashuke akuzibie paa."

"Ndiyo," nikasema. "Nataka hilo hasa."

Basi Jumatano moja alasiri, mimi na ndoo yangu chini ya tundu la paa, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamume mdogo wa umbo, kandambili miguuni, suruali ina udongo kwenye magoti.

"Karibu," nikasema. "Barua iweke kwenye kapu hapo mlangoni. Anatia sahihi Jumamosi."

"Sina barua, mama. Mimi ndiye Meya."

"Hata wifi yangu husema hivyo. Iweke kwenye kapu."

Akatoa kitambulisho. Nikakisoma mara mbili, mara ya pili dirishani penye mwanga, na kweli alikuwa yeye, hata tai ya kwenye kitambulisho ilikuwa ile ile ya picha za ofisini. Nikamvutia kiti. Hakuwa na hasira hata chembe. Alisimulia kwamba uchaguzi aliingizwa na wajomba zake, yeye hakutaka. Siku ya kwanza ofisini alikuta barua mia tatu, akaogopa, akafunga mlango. Siku ya pili zilikuwa mia nne. Tangu hapo alikuwa akishinda bustanini nyuma ya nyumba ya serikali, akimwagilia maua. Na sasa, miezi hii, watu walikuwa wakimpelekea salamu za shukrani. Kwa taa. Kwa bomba. Kwa daraja dogo la sokoni. Alisema hajawahi kushukuriwa na mtu tangu azaliwe, na macho yakamlowa akisema hivyo.

Mume wangu akatoka chumbani na koti lake na beji yake. Wakatazamana. Aliyesimama kwanza alikuwa Meya.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Meya.

"Marahaba," akasema mume wangu.

Shauri alilokuja nalo lilikuwa hili. Kuanzia Jumatatu gari lingekuja kumchukua mume wangu moja kwa moja. Angekaa ofisini, angehutubia, angezindua, angefariji wafiwa, na angelala kwenye nyumba ya serikali kwa sababu simu hupigwa huko. Sahihi tayari ilikuwa yake. Meya angebaki na jina na bustani. Jumamosi hii iwe jioni ya mwisho ya mume wangu jukwaani, na Meya angekuja akae mbele, amtazame anavyofanya kazi, maana alikuwa anasikia sifa tu.

"Na mimi?" nikauliza.

Meya akafikiri kwa dhati kabisa. "Wewe, mama, unaweza kuleta barua."

Alipoondoka nilimkalia mume wangu mbele, goti kwa goti. "Baba watoto, nakuuliza mimi, si mji. Unataka kwenda?"

Akanitazama vile vile anavyonitazama akiwa jukwaani, na nikaona wazi kwamba anasubiri. Maneno ya kumpa nilikuwa nayo tele, lakini nilitaka, angalau mara moja kabla sijafa, neno litoke kwake.

"Ndugu mwananchi," akasema mwishowe, "suala lako liko mezani."

Mezani kulikuwa na kikombe cha chai isiyo na sukari. Alikuwa amekimaliza.

Siku mbili zilizofuata wifi alikuja kupiga pasi mashati ya kaka yake, akiimba. Mume wangu alisimama mbele ya kioo cha kabati akijifunza kupungia watu mkono bila kuwatazama. Mimi nilikunja soksi na kuzipanga kwenye sanduku, na kadiri nilivyokunja ndivyo hasira ilivyopanda. Sikuwa namchukia Meya, wala ule mji. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Mtu huyu hawezi kusema bila kunong'onezwa, na huko ofisini watu wa kunong'ona hawakosekani. Wangemnong'oneza kutwa, kulia na kushoto, na yeye angesema yote, na akishasema mbele za watu harudi nyuma. Ijumaa jioni nilipofunga sanduku nikakata shauri kwamba kiapo changu kimeisha muda wake.

Jumamosi saa kumi na mbili ukumbi ulijaa, wengine wamesimama ukutani. Meya alikaa mstari wa mbele, sawasawa na kisogo changu, hata nikasikia kandambili zake zikipiga sakafu kila alipocheka. Alicheka sana. Kwenye mchezo wa kamati alimwuliza jirani yake kama mambo kama hayo hutokea kweli.

Ukaja mchezo wa nne. Meza, kiti, bendera tuliyoishona kwa pazia kuukuu. Watu wakapanda na barua zao, sahihi ikatiwa, muhuri ukagongwa, barua thelathini na kitu. Kisha ikaja sehemu ambayo Mwalimu aliiandika kwa ajili ya jioni hiyo ya kuagana. Meya wa jukwaani anachukua karatasi safi na kuwaandikia wananchi barua, huku akiitamka. Nikamulika daftari kwa tochi. Lilisema, "Mimi, Meya wa mji huu, nawashukuru nyote mlionipenda." Mume wangu akashika kalamu ya kijani, akasubiri.

Nikazima tochi.

"Mimi, Meya wa mji huu," nikanong'ona.

"Mimi, Meya wa mji huu," akasema, huku akiandika.

"Kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu."

"Kwa hiari yangu," akasema, "na nikiwa na akili timamu."

Kwenye pazia la pembeni niliona viatu vya Mwalimu vikipiga hatua moja mbele. Alijua hayo hayamo.

"Najiuzulu kuanzia sasa hivi."

Mume wangu akanyamaza. Kimya chake siku zote huja kabla ya kunong'onezwa. Hiki kilikuja baada ya kunong'onezwa, na sikuwa nimewahi kukiona. Alikuwa amenisikia. Akainamisha kichwa akatazama chini kishimoni, si kama mtu anayetafuta mstari, bali kama mtu anayemtafuta aliyeusema. Macho yetu yakakutana. Nilikuwa nalia, sifichi, kwa sababu kama asingelisema sikuwa na neno lingine la kumpa. Nikafungua mdomo nirudie, nikaufunga.

"Najiuzulu," akasema, "kuanzia sasa hivi."

Akaandika. Akatia sahihi, nyoka yule yule. Karani akaipokea karatasi kwa mkono ule ule aliopokelea nyingine zote, akaisoma, akaupulizia muhuri pumzi ya mdomo, akagonga.

Watu walisimama wakapiga makofi. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema ameusubiri mwisho kama huo tangu uchaguzi. Halafu nikasikia kandambili zikipanda ngazi za jukwaa.

"Hapana, hapana," akasema Meya. "Mimi sijajiuzulu. Meya ni mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja akasema huyu mpya hafai, hana hata tumbo. Mwingine akamshauri aongeze sauti, kwamba huku nyuma hasikiki.

Meya akamgeukia Karani. "Wewe unanijua."

"Nakujua, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekushikia karatasi ukiapa."

"Basi ichane hiyo."

"Mimi naangalia maandishi," Karani akaanza, na ukumbi mzima ukamalizia naye, "siangalii sura," maana walikwishaizoea kauli yake hiyo. Akangoja watulie, hakuona cha kuchekesha. "Sahihi hii ndiyo iliyowasha taa. Ndiyo iliyotoa maji na kujenga daraja la sokoni. Ukisema si halali, Jumatatu itanibidi nizime taa, nifunge bomba, nibomoe daraja, na lile shimo nilifukue lirudi lilivyokuwa. Wewe ndiye wa kuamua. Niandikie tu barua, kwa wino wa kijani, nitaishughulikia."

Meya akapapasa mifuko. Hakuwa na kalamu. Akanyoosha mkono kuomba ile iliyokuwa mezani, lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kutoka penye pazia na kuiokota.

"Vifaa vya kundi havitoki nje ya kundi," akasema Mwalimu. "Kaa sawa."

Meya akashuka ngazi polepole. Watu wakampigia makofi ya kumtia moyo. Nilimwonea huruma, hilo sikatai, lakini huruma yangu ilikuwa na kazi kwingine.

Kesho yake asubuhi Karani alipita na tangazo la kubandika mlangoni kwetu kama milango mingine yote, kwamba kiti cha umeya kiko wazi na uchaguzi ni baada ya siku tisini. Akanieleza kwamba Meya wa zamani ameomba jambo moja tu, aruhusiwe kuondoka na miche yake, na kwamba ombi hilo halijashughulikiwa kwa sababu hakuna wa kulitia sahihi. Baadaye kidogo wifi akapita dirishani bila salamu. "Umemwaga unga wa ndugu yangu," akasema, akaenda zake.

Mume wangu akatoka chumbani amevaa fulana. Koti alikuwa ameliacha ukumbini, na beji ya kopo iko kwenye sanduku la vifaa pamoja na kalamu. Akaketi mezani. Nikammiminia chai. Akanitazama, akasubiri.

Nilikuwa na mistari mia moja ya kumpa. Sema umenisamehe. Sema hukutaka kwenda. Sema hata ile ya kishimoni, zamani zile, ungeisema bila mimi. Ningemnong'oneza yoyote kati ya hiyo na angeisema vizuri, kwa ile sauti yake, na mimi ningebaki sijui kitu mpaka siku ya kufa. Nikajiuma ulimi. Nikakaa juu ya mikono yangu miwili. Tone la maji likaanguka ndooni, na jingine, na jingine. Yeye bado alikuwa anasubiri, na mimi sasa nilikuwa naogopa kwamba ndani mle hamna kitu, kwamba nimemtoa kwa watu na kumrudisha nyumbani mtupu.

Akainua kikombe, akapiga funda moja. Akakunja uso.

"Mama watoto," akasema, "hii chai mbona haina sukari?"

Nikamtazama.

"Wala ya jana haikuwa nayo," akaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Wala ya juzi. Mtu anafanyiwa hivi ndani ya nyumba yake mwenyewe, miezi na miezi, na mtu amekaa tu anamtazama."

Nikainuka kuleta sukari. Kopo lilikuwa pale pale kwenye rafu lilipokuwa siku zote, lakini nilichukua muda mrefu kuliona, na yeye huko nyuma ya kisogo changu hakuacha kugomba. Akasogeza ndoo kwa mguu, akatazama juu.

"Na hili paa nalo," akasema. "Ngazi iko wapi?"